Kilwa haihitaji ikulu mpya, inahitaji chumba kimoja cha hazina

Kila meli ya kitalii inapotia nanga pale Kilwa, picha zinaanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kuanzia Lindi mpaka Mtwara, wageni wazee wazee wamevaa laifu jaketi wanashushwa kwa viboti kuelekea Kilwa Kisiwani, na chini ya picha maoni ni yale yale. Wapo wanaofurahi kwamba Kusini nako kumefunguka. Wapo wanaoshangaa, mtu anatoka Ulaya kwenye majumba ya wafalme yaliyojaa dhahabu anakuja huku kuangalia kuta zilizobomoka, anatafuta nini? Halafu kuna kundi la tatu, na hili ndilo linanisumbua kwa sababu lina watu ambao neno lao linasikika, linasema basi tuijenge upya ile ikulu ya Sultani, ipakwe rangi, ndani kiwekwe kiti cha enzi, getini wasimame vijana wamevaa kanzu na majambia, hapo ndipo watalii watamiminika. Mimi naona hawa wanaoshangaa na hawa wanaotaka kujenga wamekosea sehemu moja, wote wanaamini ikulu ya Kilwa ni ganda tupu. Ikulu ile ina hazina, na safari ya hiyo hazina inajulikana vizuri kuliko tunavyodhani. Kinachokosekana ni chumba kimoja cha maana cha kuionyeshea, hapa hapa Kilwa, na bila hicho chumba tutabaki tunapokea wageni wa asubuhi moja, wanapiga picha, wanarudi melini kula.

Kwanza tuelewane tunazungumzia jengo gani, maana wengi ukiwatajia Kilwa akili inaenda moja kwa moja kwenye Gereza kwa sababu ndilo linaloonekana boti ikikaribia. Gereza ni ngome, Wareno walianza kujenga pale 1505 na Waomani wakaja kuijenga tena miaka mingi baadaye. Makutani ilikuwa ikulu kweli, lakini ni ya juzi juzi tu ukilinganisha, karne ya 18. Ninayoizungumzia ni Husuni Kubwa, iko upande wa mashariki, unatoka kwenye Msikiti Mkuu unatembea kama kilomita moja na nusu, na kwa huo mwendo mgeni mwenye haraka anaikosa. Aliyeijenga ni Sultani al-Hassan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14, juu ya jabali linalotazama bahari, vyumba vyake vinazidi 100. Ukiziangalia nyumba za mawe za pwani yetu utaona vyumba ni virefu na vyembamba, sababu ni boriti za mikoko, boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa ikabeba dari ya mawe, lakini Husuni Kubwa kuna sehemu mafundi waliachana na boriti wakaezeka kwa kuba na matao. Kuna birika la kuogea la pembe nane limeshuka chini, lina ngazi na sehemu za kukaa ukutani, na ukipitisha kiganja pale ambapo plasta ya chokaa bado imeng'ang'ania unasikia ulaini ambao nyumba nyingi tunazojenga leo kwa saruji hazina. Upande wa kusini kuna ua mkubwa umezungukwa na vyumba vingi, na watafiti kuanzia mwanaakiolojia Neville Chittick aliyechimba pale miaka ya mwisho ya 1950 na kuendelea wanavisoma kama maghala ya biashara. Yaani Sultani alikuwa analala, anahukumu, anapokea wageni na anahifadhi bidhaa kwenye jengo moja. Niliwahi kuwa pale na kundi la wanafunzi, binti mmoja akauliza dhahabu ilikuwa inawekwa wapi, muongoza wageni akanyoosha mkono kwenye ule ua wa kusini, watoto wote wakakimbilia huko kuchungulia. Hakukuwa na kitu ndani zaidi ya majani na mawe yaliyoanguka lakini walikaa huko muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote ya ile safari.

Sasa hazina yenyewe. Ibn Battuta, yule msafiri maarufu kutoka Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta huyu huyu al-Hassan bin Sulaiman, na ameacha habari ambazo kila mtoto wa shule wa mkoa wa Lindi angepaswa kuwa anazijua kama anavyojua majina ya jirani zake. Anasema Sultani alikuwa akiitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Anasema Sultani alikuwa akifanya mashambulizi kwa watu wa bara na mateka yakipatikana anatenga sehemu ya tano kama Kurani ilivyoelekeza, na fungu la jamaa wa Mtume anaiweka kwenye hazina ya peke yake, masharifu wakija kutoka Iraki na Hijazi wanapewa kutoka humo. Kwa hiyo hazina ya Kilwa imeandikwa, ilikuwa na mafungu, ilikuwa na utaratibu. Anasimulia pia habari ya fukara mmoja kutoka Yemen aliyemkuta Sultani anatoka msikitini siku ya Ijumaa akamwomba nguo alizovaa mwilini, Sultani akarudi ndani akabadilisha akampa. Mtoto wa Sultani akazirudisha zile nguo kwa kumlipa yule fukara watumwa 10, na Sultani aliposikia jinsi watu walivyolisifu jambo lile akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Na Ibn Battuta anaongeza kwamba zawadi nyingi za watu wale zilikuwa pembe za ndovu, dhahabu walitoa kwa nadra. Hapo nakuomba usimame kidogo, Kilwa ndiyo ilikuwa mlango wa dhahabu ya kutoka nyanda za Zimbabwe kupitia bandari ya Sofala, na bado Sultani anagawa pembe, dhahabu anaibana. Ile ilikuwa mtaji. Iliingia, ikatoka kwenda Arabuni na India, ikarudi nguo, shanga, vyombo vya Uchina. Ndiyo maana ukichimba Husuni Kubwa hukutani na sanduku la vito, unakutana na vipande vya vyungu vya Uchina na vipesa vya shaba.

Na dhahabu yenyewe ya Kilwa, kipande chake kipo mpaka leo, unaweza kukata tiketi ukaenda kukiangalia. Mwaka 1502 Vasco da Gama alikuja na meli zenye mizinga akamlazimisha amiri Ibrahim, aliyekuwa anatawala Kilwa wakati huo, akubali kumlipa mfalme wa Ureno kodi ya dhahabu. Ile dhahabu ikafika Lisbon, na mwaka 1506 ikamalizika kutengenezwa kuwa monstransi, Wakatoliki wa Ndanda na Nyangao wanakijua chombo hicho, ndicho kinachowekewa Ekaristi watu waabudu. Wareno wanaiita Custódia de Belém, kazi ya sonara Gil Vicente, ina mitume 12 wamepiga magoti kwa duara, na mfalme Manuel wa Kwanza kwenye wosia wake wa 1517 aliitaja wazi kuwa imetengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Leo iko makumbusho ya taifa ya sanaa ya kale, Museu Nacional de Arte Antiga, hapo hapo Lisbon. Na miaka mitatu baada ya ile kodi, 1505, Francisco de Almeida akaja akaupora mji wenyewe, wakajenga ngome, 1512 wakaondoka. Kwa hiyo ukisema ikulu ya Kilwa haina hazina unakosea kuhusu mahali tu. Ghala liko Lindi, dhahabu iko Ulaya, na katikati yake kuna bahari yenye habari nzima ya jinsi dunia ilivyogeuka.

Wanaotamani ikulu yenye mng'ao wana hoja na siwapuuzi. Topkapi, ikulu ya zamani ya masultani kule Istanbul, imekuwa makumbusho tangu 1924, na sehemu ya hazina, yenye almasi ya karati 86 na lile jambia la zumaridi, ni kati ya sehemu ambazo wageni wengi hawakubali kuondoka bila kuziona. Wareno nao Juni 2022 wamefungua makumbusho ya hazina ya kifalme kwenye ikulu ya Ajuda, wameyajengea chumba kama cha kuhifadhia pesa cha benki, milango ya chuma, ndani kuna vito vya taji na dhahabu na almasi zilizotoka Brazili. Kwa hiyo ni kweli, watu wanapenda kuona kitu. Mgeni akisimuliwa tu maneno matupu chini ya jua la saa tano anachoka, akionyeshwa kitu anachoweza kukikaribia akakiangalia, yale maneno yanapata pa kukaa. Lakini angalia vizuri kule Lisbon na Istanbul kinachofanya kazi ni nini. Pale watu hawapangi foleni kwa sababu ukuta umepakwa rangi, wanapanga foleni kwenye vyumba vichache vyenye vitu halisi, kila kitu kina habari yake, kilitoka wapi, alikishika nani. Hilo Kilwa tunaliweza. Kuinua upya ikulu nzima ndiyo hatuliwezi, na hata kama tungeliweza lisingefaa.

Hoja ya kujenga upya ndiyo dhaifu kuliko zote na naomba niipitie polepole kwa sababu inavutia masikioni. Husuni Kubwa haikumalizika. Ilikaliwa kwa muda mfupi halafu ikaachwa, kuna sehemu ambazo mafundi wa Sultani wenyewe hawakuzifikisha mwisho, sasa wewe wa leo utaimalizia kwa ramani ya nani? Utakachokijenga kitakuwa mawazo ya mkandarasi, na mgeni aliyesoma kidogo atajua kabla hajavuka kizingiti. Pili, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa urithi wa dunia na UNESCO mwaka 1981, mwaka 2004 zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, zikakaa humo miaka 10 mpaka 2014 zilipotolewa baada ya kazi kubwa ya kuziba nyufa, kuimarisha kuta na kupambana na mawimbi yanayokula ufukwe. Ukileta zege na nondo pale unairudisha Kilwa kwenye orodha ile ile kwa mikono yako. Tatu ni la kiufundi na mafundi wetu wanalijua, ukuta wa mawe ya matumbawe umejengwa kwa chokaa iliyochomwa, unapumua, unaingiza unyevu na kuutoa, ukiubana kwa saruji chumvi na maji vinabaki ndani na jiwe linaanza kumeguka nyuma ya plasta bila wewe kuona. Na tusisahau Zanzibar, Beit al-Ajaib ya Sultani Barghash ilianguka sehemu Desemba 2020 wakati ikiwa kwenye ukarabati, watu wawili wakafa. Lile lilikuwa jengo la 1883, lina paa, lina picha zake, lina ramani. Husuni Kubwa haina hata kimoja kati ya hivyo.

Hoja nyingine ni ya kudai vitu vyetu vilivyochukuliwa virudi, na hii moyo wangu uko nayo nusu nzima na zaidi. Sisi watu wa Lindi tunalo jeraha la mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria, Wajerumani walichimba kati ya 1909 na 1913, wakabebesha watu wetu mifupa kwa mabega mpaka bandarini Lindi, leo mjusi mwenyewe amesimama Berlin kwenye ukumbi ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu na watoto wa Kizungu wanamwangalia wakiwa shuleni. Kudai ni haki. Dhahabu ya kodi iliyotolewa chini ya mtutu wa mzinga haiwi zawadi kwa sababu imepita miaka 500. Ila nikizipima zile hoja naona moja imeteleza, ile inayosema tusubiri, kwamba mpaka monstransi irudi au mjusi arudi hakuna cha kuonyesha. Hiyo inatuumiza sisi wenyewe. Mazungumzo ya serikali kwa serikali yanaweza kuchukua kizazi, na siku yakifika mwisho swali la kwanza tutakaloulizwa ni mtaiweka wapi, nani atailinda, chumba kina ubaridi wa kiasi gani. Anayedai akiwa na chumba tayari ana nguvu kuliko anayedai akiwa na hotuba. Na kabla ya kwenda Lisbon kuna njia fupi zaidi, vitu vingi vilivyotoka kwenye ardhi ya Kilwa viko Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa, mtu wa Kilwa akitaka kuviona inabidi apande basi kilomita 300. Hivyo havihitaji balozi yeyote, vinahitaji kikao na barua na gari la kubebea.

Kuna hoja ya tatu ambayo huwa haisemwi kwa sauti ila ipo, na nadhani ndiyo nzito kuliko zote. Mwalimu mmoja wa Nachingwea aliniambia, mimi ni Mmwera, hawa masultani walikuwa wanakuja kutuvamia sisi, leo nishangilie ikulu yao? Siwezi kumjibu kwa mzaha. Ibn Battuta mwenyewe ameshasema, mashambulizi, mateka, watumwa kumi na kumi. Na ukija karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa soko kubwa la watumwa, Wayao, Wangindo, Wamwera na wengine wengi walipita pale wamefungwa. Wanaotetea utalii wa Kilwa huwa wanaruka hili wanasema tu fahari, misikiti, biashara ya Bahari ya Hindi, na kwa kuruka wanampoteza yule mwalimu na watu wote wa bara ya Lindi ambao ndio wengi. Jibu langu ni kwamba chumba cha hazina kiseme hazina ilitoka wapi yote, dhahabu ya Sofala, pembe za tembo wa bara, na watu. Pawe na sehemu ya mateka wale kwenye ukuta ule ule wenye vipesa. Mwalimu wa Nachingwea akileta wanafunzi wake wakute habari ya babu zao imo, haijafichwa nyuma ya picha ya kuba.

Ndani ya chumba kiwekwe nini? Mimi ningeanza na vipesa vya shaba vya Kilwa. Ni vidogo, havina thamani ya dhahabu, kwa miaka mingi watu walikuwa wanaviokota tu ufukweni, lakini vina jina la Sultani na maandishi yanayokwenda kwa vina, upande mmoja unakamilisha mwingine. Kimoja cha al-Hassan bin Sulaiman kilikutwa Great Zimbabwe, ndani kabisa ya bara la kusini, na vingine vitano vya Kilwa viliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia, na mpaka leo wataalamu wanabishana vilifikaje huko. Hebu fikiria ramani moja ukutani yenye nukta hizo tatu, Kilwa, Great Zimbabwe, Australia, na kipesa halisi mbele yake kwenye kioo. Pembeni vipande vya vyombo vya Uchina. Halafu katikati ya chumba, nakala nzuri ya ile monstransi ya Lisbon, ukubwa wake ule ule, na maelezo kwa Kiswahili kwanza yanayosema dhahabu hii ilitolewa hapa, mwaka fulani, kwa sababu fulani. Nakala hairuhusu mtu kuiba kitu na inamwonyesha kila anayeingia kwamba deni lipo na tunalikumbuka. Kuhusu vitu halisi, Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, vya kuokota na kuchimba vinalindwa, lakini sheria peke yake haimfanyi kijana wa Kisiwani aache kumuuzia mgeni kipesa alichookota. Chumba kikiwepo karibu, akijua kwamba kitu chake kitawekwa na jina la kijiji chake chini, na kwamba yeye akiwa muongoza wageni atalipwa kukieleza kila meli ikija, hapo ana sababu ya kukipeleka.

Na hapo ndipo suala la pesa linapoingia, ambalo wengi wanalielewa kinyume. Tunahesabu meli, tunahesabu vichwa, tunafurahi. Lakini mgeni wa meli analala melini, anakula melini, anachoacha kwetu ni kiingilio, nauli ya boti na labda ukili mmoja aliosuka mama pale kijijini. Mgeni anayelala Kilwa Masoko, mji wa upande wa bara, usiku mmoja tu anaacha chumba, samaki, bodaboda, chai ya asubuhi, vocha. Ili alale lazima awe na cha kufanya jioni baada ya kurudi kutoka kisiwani na asubuhi kabla hajavuka, na chumba cha hazina kikiwa upande wa Masoko karibu na gati kinampa vyote viwili. Kinampa pia mtu wa kwetu, maana mgeni tunayemsahau kila siku ni Mtanzania, shule za Lindi, Ruangwa, Masasi, Newala, ambao barabara ikikatika kama ilivyokatika Somanga kwenye mafuriko ya 2024 hawana meli ya kuwaleta. Bandari ya uvuvi ambayo Rais Samia aliiwekea jiwe la msingi Kilwa Masoko Septemba 2023 italeta watu, wafanyabiashara, madereva wa malori ya samaki, mabaharia, watu ambao wana saa mbili tatu za kupoteza wakisubiri mzigo. Wote hao ni wateja wa chumba kile, hata kama hawatavuka kwenda kisiwani.

TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, ndio wanaosimamia magofu sasa, na wamefanya kazi ya kuyatangaza ambayo huko nyuma haikuwepo, hilo nawapa. Ninachoomba kutoka kwao na kwa halmashauri ya Kilwa ni kwamba kabla hazijatengwa fedha za geti jipya, za sanamu ya Sultani au za ukuta wowote ule wa Husuni Kubwa, zitengwe kwanza za jengo dogo pale Masoko, la chokaa na matumbawe, lijengwe na mafundi wa Kilwa waliojifunza kukarabati magofu, liwe na umeme wa uhakika, mlinzi wa usiku na mchana, na vijana wanne watano wa Kisiwani waliosomeshwa vizuri. Na barua ya kuomba vitu vya Kilwa kutoka Dar es Salaam iandikwe siku msingi unapochimbwa, isisubiri paa.